Klasi ya Kwanza, Baraka hadi Kigoma

Wiki mbili baada ya mimi kukabidhi funguo za ofisi, Furaha alinipigia simu. Tuliuza tiketi za boti pamoja dirishani pale Baraka kwa miaka minne, kisha akaolewa Bujumbura, na sasa anauza tiketi za ndege katika ofisi yenye kioo na feni.

"Mama Mwavita," akasema, "bateja bananisumbua. Mutu anakuja na pesa yake, ananiuliza: kati ya business na première, niongeze ao nisiongeze? Mi sijapanda hata ile ndege ya mizigo. Nimujibu nini?"

Nikamwambia kwamba na mimi ndege naijua kwa tumbo lake tu. Wakati wa vita zilipita juu yetu mara nyingi, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kujua ndani wamekaaje. Lakini swali lake nalijua vizuri. Boti letu lilikuwa na klasi tatu. Watu wa klasi ya tatu hawakuuliza kitu, walipanda. Aliyesimama dirishani akijikuna kichwa ni yule mwenye pesa ya klasi ya pili mfukoni na jicho lake liko kwenye klasi ya kwanza. Nimemjibu mtu huyo karibu maisha yangu yote ya kazi.

"Basi andika," Furaha akasema. "Andikia na bale bengine benye kubakia kazini."

Ndiyo naandika. Habari za vyeo sitazieleza. Nilipandishwa cheo mara moja tu, nikapewa meza yenye mtoto wa meza asiyefunguka.

Niliingia kazini nikiwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, najua Kifaransa cha kuandika barua na hesabu za kutosha. Mkuu wa ofisi alikuwa Baba Wilondja, mzee wa Kibembe kutoka Ubwari, mrefu, mwenye koti moja ambalo sikuwahi kuona amelivua hata jua likiwa la saa saba mchana. Nilidhani siku ya kwanza ataniweka dirishani. Badala yake alinipeleka bandarini, akanipandisha botini, akaniambia safari hii ya kwenda Uvira na kurudi nitakaa klasi zote tatu kwa zamu.

"Utauza kintu chenye hauyui?" akaniuliza.

Boti lenyewe lilikuwa la mbao, limepigwa mabati ya chuma ubavuni. Lilipewa jina la mke wa kwanza wa mwenye boti. Alipooa wa pili, rangi ilikuwa ghali, jina likabaki. Klasi ya tatu ilikuwa chini kabisa, pamoja na magunia ya muhogo, bidoni za mawese na mbuzi. Klasi ya pili ilikuwa sakafu ya kati: benchi zenye mgongo, paa juu, na turubai za kushusha pembeni mvua ikija. Klasi ya kwanza ilikuwa chumba kimoja juu, nyuma ya usukani wa kapiteni. Mlikuwa na viti vinane vya sponji, madirisha ya kioo, mlango wenye komeo, chupa ya chai, na choo chake pembeni. Ukitoa hicho choo na chai, alichozidishiwa mtu wa klasi ya kwanza kuliko wa pili ni sponji na mlango.

Wakati wa kwenda nilikaa chini, kisha katikati. Wakati wa kurudi nikapanda juu, nikajiona bibi harusi. Kabla hatujafika Mboko upepo ukaamka, na nikatapika kwenye ndoo mpaka nikaona nyota mchana. Tulipotua Baraka, Baba Wilondja alikuwa ananingoja.

"Ulisikia?" akauliza.

"Nilisikia, Baba."

"Basi mutu akikuuliza, umwambie kweli. Maji ikitikisa boti, juu njo kunatikisika zaidi. Mutu wa tumbo zaifu umutie ku deuxième, katikati, karibu na nguzo. Atakulipa kidogo, lakini atarudi."

Somo la pili lilikuwa mstari mwekundu uliochorwa ubavuni mwa boti, kiganja kimoja juu ya maji. Baba Wilondja alinishika mkono akauweka juu ya rangi ile. "Maji ikigusa hapa, ubao wa kupandia unatoka. Hata kama baba yako ndiye anabakia inje. Mutu mumoja ni mutu mumoja." Vitu vingine alivyonifundisha vilihusu muhuri, rangi za vitabu vya tiketi, na namna ya kuchuja mazutu, yaani dizeli, kwa kitambaa kabla ya kuyamimina ndani ya motere, injini ya boti, kazi ambayo haikuwa yetu. Alisema karani asiyejua motere inakula nini atauza safari isiyofika.

Katika miaka ile ya kwanza nilipata mteja mmoja ambaye bado namkumbuka. Aliitwa Koko Anifa, bibi aliyekuwa akiuza ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa anaenda Uvira kumwona mjukuu wake aliyejifungua, akataka klasi ya kwanza. Nikamweleza ukweli kama nilivyofundishwa, kwamba juu kunatikisika na tumbo linaweza kumsumbua.

"Tumbo yangu ilizaa batoto tisa," akasema. "Haiwezi kushindwa na maji."

Nikamkatia, na siku hiyo mimi pia nilikuwa nasafiri na boti. Akapanda ngazi akiwa ameshika kanga yake kwa mkono mmoja, na watu wa sakafu ya kati wakamtazama. Saa moja haikupita, nikamwona anashuka na kikombe cha chai ya klasi ya kwanza mkononi. Akasukuma watu kidogo, akakaa katikati ya benchi, baina ya mama wawili waliokuwa wanamenya karanga.

"Kule juu kuko muzuri sana," akatangaza. "Batu bane, kila mutu anaangalia dirisha yake. Hata mutu wa kuniuliza natoka wapi hakuna."

Nilimwambia kwamba tukifika nitajaribu kumrudishia kile alichoongeza. Akakataa. "Apana. Nilitaka kujua. Sasa najua." Nilipomsimulia Baba Wilondja, yule mzee ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa lile koti.

Kisha vita vya kwanza vikaja.

Vilitoka kaskazini, kwa barabara ya Uvira. Kwa siku kadhaa tuliona watu wanapita na magodoro kichwani, wengine wakielekea milima ya Fizi, wengine wakishuka ziwani kutafuta chombo cha kuvukia Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mwenye boti alikuwa ameshavuka, akatuma neno kwamba boti livuke na watu. Baba Wilondja alipanga utaratibu: kwanza wenye tiketi, kisha mama wenye watoto, kisha yeyote, mpaka mstari mwekundu. Mama yangu na mwanangu wa kwanza, Amisi, aliyekuwa na miaka miwili, niliwaweka chini kwenye klasi ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo klasi ambayo jamaa za wafanyakazi waliruhusiwa.

Klasi ya kwanza yote ilikuwa ya mtu mmoja. Aliitwa Kashindi, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua dhahabu Misisi na kuuza vitenge Baraka. Siku tatu kabla alikuja dirishani akanunua viti vyote vinane, vyake na mke wake Mama Bitondo, na vilivyobaki viwe vya masanduku. Juu ya paa la kile chumba akafunga jenereta na masanduku mengine mawili ya vitenge. Si mtu mbaya, na nasema mapema kwa sababu watu wa Baraka wanapenda kumsimulia vibaya. Alikuwa na hofu kama sisi sote, isipokuwa hofu yake ilikuwa na uwezo wa kununua mlango.

Asubuhi ile ya kuondoka mizinga ilianza kusikika upande wa Mboko. Watu walikuwa wamejaa mpaka ndani ya maji. Katikati ya msukumano nikamwona muganga Etongo, mwuguzi kijana wa mjini, anakuja na wagonjwa wanne. Wawili walikuwa kwenye machela, wawili wamebebwa mgongoni. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekatwa mguu wiki ile ile. Mmoja alikuwa mama aliyepasuliwa tumbo siku tano nyuma. Wengine walikuwa mzee wa homa kali na dada mmoja mwenye risasi begani.

"Mama Mwavita," Etongo akaniambia, "hawa habawezi kukaa. Banapashwa kulala, na habapashwe kulowana. Uniambie ni wapi."

Palikuwa na mahali pamoja tu pakavu: juu. Nikapanda ngazi. Kashindi alikuwa amekaa karibu na mlango, mkono juu ya komeo. Mke wake alikuwa dirishani.

"Patron," nikasema, "kuko bagonjwa bane. Balipasuliwa, habawezi kukaa ku benchi. Ni humu tu njo kuko kukavu."

Akanitazama kwa utulivu. "Ni nani aliniuzisha humu?"

"Ni mimi, Patron."

"Uliandika jina yangu mara ngapi?"

"Mara munane."

"Basi."

Hakupaza sauti. Kilichoniumiza ni kwamba alikuwa na haki. Tangu siku ya kwanza nilifundishwa kwamba tiketi ni ahadi, na karani anayevunja ahadi moja hatakuwa na cha kuuza kesho. Nikashuka, nikamkuta Baba Wilondja kwenye ubao wa kupandia, anahesabu watu kwa midomo. Nilitarajia kwamba yeye, kwa umri wake, atapanda kumtoa mtu yule. Akatikisa kichwa.

"Ule mutu iko na haki. Usimunyanganye," akasema. "Rudi umuombe tena. Lakini usiombe yeye peke yake."

Nilikuwa nusu ya ngazi ndipo nikaelewa. Safari hii sikumtazama Kashindi. Nilimgeukia Mama Bitondo, nikamweleza wale wagonjwa mmoja mmoja, kila mmoja na ugonjwa wake.

"Ule wa muguu alikatwa ni nani?" akauliza.

Nikamtajia jina la mwalimu, ambaye kila mzazi wa Baraka alimjua.

Kisha akainuka, akachukua mto wake wa safari, akaufunga kwenye kitenge. "Kashindi, mi nashuka."

"Unashuka wapi?"

"Kule batu biko."

Akapita mbele yangu akashuka. Kashindi alibaki na viti saba visivyo na mtu, na masanduku. Nilisimama pale mlangoni. Alikaa kwa muda wa kama kuchemsha chai. Kisha akanyanyua masanduku yote mawili, moja kila mkono, akapita mlangoni bila kuniangalia.

"Bapandishe," akasema. "Lakini mizigo yangu ya ku paa isiguswe."

Etongo alitoa sponji za viti akazitandika sakafuni, na wale wanne wakalala wakiwa wamebanana kama ndugu. Huku chini maji yalikuwa yamefika kwenye mstari. Niliona Baba Wilondja anainama, anatazama ubavu wa boti, ananyooka. Bado alikuwa upande wa nchi kavu. Nikamwita, nikamwambia aruke, kwamba mtu mmoja hawezi kuzamisha boti.

"Mutu mumoja ni mutu mumoja," akajibu. Akauvuta ubao yeye mwenyewe, akautupa kwenye mchanga. "Wende, mutoto yangu. Mi nitakuja na pirogi."

Kapiteni Saidi akawasha motere. Nilimtazama yule mzee mwenye koti mpaka umati ukamfunika, na nikarudi kazini, kwa sababu kulikuwa na kazi.

Ndani ya ghuba maji yalikuwa tulivu. Tulipozunguka ncha ya Ubwari na kuingia ziwa kubwa, upepo wa kusini ulikuwa umeshainuka. Saa mbili baadaye motere ikakohoa, ikakata. Yale mazutu ya mwisho yalinunuliwa kwa haraka pale pale bandarini, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyachuja. Yalikuwa na maji.

Boti lisilo na motere linageuka ubavu. Mawimbi yakaanza kutupiga kutoka pembeni, na kila tukilala upande mmoja tulichelewa kidogo zaidi kuinuka. Watu wa sakafu ya kati walianza kusali, wa misa na wa msikiti pamoja. Kutoka chini nilisikia sauti ya Amisi akilia. Sikuweza kwenda kwake. Nilipita benchi hadi benchi nikiwaambia watu wakae, wasisimame, wasikimbilie upande mmoja, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Kapiteni Saidi aliniita. Alikuwa mtu wa maneno machache, mzaliwa wa pwani ya ziwa, na usukani ulikuwa umemchubua viganja.

"Juu kuko muzito sana," akasema. "Ile jenereta itoke. Na masanduku. Umwambie mwenyewe. Nikituma batu bakate kamba, italeta ugomvi, na ugomvi itatuzamisha mbele ya maji."

Nilimkuta Kashindi kwenye benchi, karibu na mke wake, uso umelowa. Nilianza kusema, na kabla sijafika kwenye neno jenereta alikuwa ameshaelewa. Akamtazama Mama Bitondo. Yeye alikuwa amempakata mtoto wa mtu mwingine.

Kashindi akafuta uso. "Ni mi nilifunga zile kamba," akasema. "Mutu mwingine hatazifungula."

Akapanda mwenyewe. Mabaharia wawili wakamshika kiuno, na yeye amelala kifudifudi juu ya paa, anafungua mafundo yake. Nilimsikia anawaambia, kama mtu anayepanga duka, "Tuanze na jenereta. Bitenge iko myepesi." Jenereta ikateleza, ikagonga ukingo, ikaenda. Masanduku yakafuata, moja likafunguka, na vitenge vikatandazika juu ya maji kwa rangi zote. Boti likainuka taratibu, kama mama anayetua mzigo wa kuni kichwani.

Fundi wa boti alikuwa ameshamwaga maji kutoka kwenye chujio la motere, sasa anahitaji kitambaa safi cha kuchujia mazutu yaliyobaki. Mama yangu akavua kitenge chake cha juu akampa. Walichuja nusu saa nzima, bidoni kwa bidoni, huku tukiyumba. Motere ilipowaka hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wamechoka. Mama yangu peke yake ndiye aliyesema, "Kitenge yangu itanuka mazutu mupaka siku ya kufa."

Tuliingia Kigoma siku ya pili asubuhi. Wagonjwa wote wanne walishuka wakiwa hai. Yule mzee wa homa tulimzika katika kambi ya wakimbizi mwezi ule ule, lakini alikufa kitandani, na mwanawe alimshika mkono. Mwalimu alipona. Alifundisha kambini chini ya turubai, amesimama kwa gongo moja, na Amisi wangu alijifunza kusoma kwake. Mama aliyepasuliwa amezaa tena mara mbili. Nasema haya kwa sababu katika kazi yetu mara nyingi hatujui safari tulizouza ziliishia wapi, na mimi nilibahatika kujua.

Baba Wilondja alifika baada ya siku kumi na moja, kwa pirogi, mtumbwi wa kupiga kasia, kama alivyosema, amevaa koti. Nilimkuta kwenye mstari wa kupokea unga. Yeye aliniuliza kama nilikumbuka kuleta muhuri. Nilikuwa nao, mfukoni mwa sketi.

Tulirudi Baraka kwa muda, kisha vita vya pili vikatukimbiza tena hadi kambini. Watu wenye bunduki walichukua boti letu na hatukuliona tena. Miaka ile ya kambi ilikuwa mirefu, na sitaiandika yote. Nataka tu vijana wa dirishani wajue kwamba kila Jumatatu Baba Wilondja alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanihoji: Baraka hadi Uvira ni saa ngapi upepo ukiwa wa kusini, mjamzito anakaa wapi, mbuzi anafungwa upande gani. Nilimwuliza siku moja kwa nini tunajisumbua, boti hatuna. Akasema, "Boti itapatikana. Mutu wa kuyua kazi njo anakosekanaka." Alikufa kabla ya amani, na amezikwa kule kule. Kila jibu nililompa mteja baada ya hapo nilikuwa nampa kana kwamba mzee anasikiliza.

Niliporudishwa nyumbani, nilirudi kwa boti la msaada ambalo halikuwa na klasi. Kila mtu alipewa jaketi ya kuokolea, biskuti, na nafasi ya kukaa chini. Mwenye boti wetu hakuwa na nguvu tena, lakini mwingine alileta boti jipya, la chuma tupu, lenye klasi mbili. Nilikwenda kuomba kazi na muhuri wa zamani mkononi. Walicheka, kisha wakaniajiri.

Ni wakati wa boti hilo jipya ndipo Kashindi alikuja siku moja dirishani. Alikuwa amezeeka, biashara yake imesimama tena kidogo. Nilikuwa nimeshafungua kitabu cha klasi ya kwanza.

"Biye mbili," akasema, yaani tiketi. "Deuxième."

Nikakifunga kile, nikafungua kitabu cha klasi ya pili. Nyuma yake Mama Bitondo alikuwa anazungumza na mtu ambaye hata hakumfahamu, anamwuliza anatoka wapi.

Kwa hiyo, Furaha, mteja akija kwako na swali lile, mwulize kwanza anasafiri na nani na anaenda kufanya nini. Anayeenda kufanya kazi asubuhi hiyo hiyo anahitaji kunyoosha miguu, na hilo, kama ulivyonieleza, hata business inampa. Anayesafiri na mke anayependa kuongea, usimfungie chumbani. Mgonjwa umpe mlango kama mlango upo. Na yule anayetaka tu kuona kukoje, umkatie bila kumchosha. Atakwambia mwenyewe akirudi. Wengi kati ya hao wengine hawana sababu ya kuongeza. Niliwaambia hivyo miaka yote, na mwenye boti alijua nawaambia, na hakunifukuza. Hilo nalo namshukuru.

Mwezi wa mwisho wa kazi yangu, wenzangu walichanga bila kuniambia. Siku ya kuaga walinipa bahasha, na ndani mlikuwa na tiketi ya klasi ya kwanza, Baraka hadi Uvira na kurudi, jina langu limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Furaha alikuwa amekuja kutoka Bujumbura kwa ajili hiyo. Niliwaambia wanapoteza pesa zao, kwamba niliwafundisha mimi mwenyewe kwamba haifai. Wakasema nipande.

Nilipanda, na Furaha, aliyekuwa akirudi kwake, akapanda klasi ya pili. Msichana wa boti aliniletea chai, akaniita Mama, akafunga mlango taratibu. Nilisikia motere inawaka, nikasikiliza kama inakohoa. Nilisikia ubao unavutwa, nikaanza kuinuka niende kutazama ubavu wa boti, kisha nikakumbuka kwamba kuna mtu mwingine anayetazama. Nikakaa. Kiti kilikuwa laini. Sijui tulipita Mboko saa ngapi, wala kama kulikuwa na upepo.

Nilipofungua macho, Furaha alikuwa amepiga magoti mbele yangu, na boti limetulia kabisa. Nje sikusikia abiria hata mmoja.

"Tumefika Uvira, Mama," akasema. "Ni saa nzima sasa. Kapiteni alisema tusikuamushe."